Jedwali la Makuzi Yangu

Nakumbuka siku moja nilimkalia mama yangu mbele na kalamu mkononi, nikamhoji kama karani wa sensa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasoma ualimu Tabora, na hakuna kitu nilichodhani sikijui. Ukiniuliza leo, mwanangu, ni siku gani ningeomba nirudishiwe niiishi upya, sitataja siku ya harusi wala siku niliyostaafu. Nitataja mchana ule hapa Shanwe, Mpanda, mama akiwa mkekani na ungo wa maharage mapajani, na mimi nimejipandisha juu ya kiti.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Juzi ulinitumia kwenye simu picha ya karatasi yenye maswali kumi na mawili. Mwalimu wenu wa saikolojia anataka kila mmoja aandike makuzi yake, tangu uchanga mpaka utu uzima. Chini yake ukaandika, "Baba naomba unijibu haraka, mwisho Ijumaa." Nikavaa miwani nikasoma swali moja moja. Ulianza kutembea lini, hilo sawa. Uliogopa nini utotoni, hilo nalo sawa, uliogopa mashine ya kusaga na ulikuwa unazunguka mtaa mzima kuikwepa. Nikafika swali la saba, lile ulilojiongezea mwenyewe kwa mkono: "Kwa nini mama alinipeleka kwa shangazi Inyonga nikiwa na miaka minne?" Hapo nikavua miwani. Nimeamua kukujibu kwa daftari, maana vidole vyangu kwenye simu vinakosea na habari yenyewe ni ndefu. Nivumilie.

Enzi hizo Mpanda ilikuwa bado katika Mkoa wa Rukwa, na jina la Katavi tulilitumia kwa mbuga tu. Mimi mtoto wa fundi baiskeli nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, mtaa ulinisindikiza mpaka stesheni ya treni, na kichwa changu kilianza kuvimba kabla hata behewa halijasogea. Huko chuoni nikakutana na somo la saikolojia ya makuzi. Mkufunzi wake alikuwa mzee mpole mwenye koti moja la kahawia, anaongea taratibu kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Nikwambie ukweli, somo lile lilinifungua macho. Nilifika chuo nikidhani mtoto ni mtu mzima aliyepungua kimo. Mzee yule akatufundisha kwamba mtoto mchanga, kabla hajajua neno hata moja, anajifunza kama dunia ni mahali pa kuaminika au si pa kuaminika, na anajifunza hivyo kwa jinsi anavyobebwa na kunyonyeshwa. Akifika miaka miwili mitatu anataka kujifanyia mambo mwenyewe, ndiyo maana anakataa kila kitu. Baadaye anataka kuigiza wakubwa, baadaye anataka aonekane anaweza kazi, halafu kijana anaanza kujiuliza yeye ni nani. Mtu mzima kazi yake ni kupenda na kulea. Nilisikiliza nikawa najiona mwenyewe katika kila hatua, nikishika baiskeli za watu kwenye kibanda cha baba nikiwa na miaka tisa, nikijawa na furaha kwa sababu nimeziba pancha peke yangu. Nikajiona na miaka kumi na sita, nimekataa jina langu, nimejipachika jina la Robi, natembea na kitana mfukoni. Lile la Robi lilidumu miezi minne. Hakuna aliyeniita hivyo zaidi ya mimi mwenyewe.

Mwisho wa muhula mkufunzi akatupa kazi. Ilikuwa ileile uliyopewa wewe. "Nendeni likizo mkawaulize waliowalea," akasema. "Muwaulize vizuri." Sentensi ya kwanza niliiandika daftarini. Ya pili sikuiandika.

Sasa hapa inabidi nikueleze jambo ambalo labda hujawahi kulitilia maanani, ingawa unalisikia kila siku. Mama yangu, yaani bibi yako, huniita Baba. Nilipewa jina la baba yake mzazi, aliyefariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo tangu nepi ya kwanza alikuwa anamfulia baba yake. Baba, njoo ule. Baba, futa kamasi. Baba, ukirudi tena na kaptura iliyochanika utaniona. Hata wakati wa Robi aliendelea kuniita Baba, na ninapolifikiria sasa, nadhani ndiyo maana Robi hakudumu.

Basi siku ya tatu ya likizo nikatoa jedwali langu. Nilikuwa nimelichora kwa rula, mistari sita ya umri kwenda chini, safu nne kwenda pembeni: mwili, akili, lugha, hisia. Visanduku ishirini na vinne, vyote vitupu. Mama alikuwa anachambua maharage ya kupeleka sokoni, anatupa mawe madogo pembeni, tik, tik. Sikukaa mkekani. Nilivuta kiti.

"Mama, nilianza kukaa nikiwa na miezi mingapi?"

"Miezi?" Akatupa jiwe. "Ulikaa tukiwa kwenye palizi ya kwanza ya mahindi. Baba yako alikuwa anachimba kile choo cha zamani."

Nikaandika: miezi sita. Yeye hakusema miezi sita. Karatasi za chuo ndizo zilizosema miezi sita, na mimi sikutaka kuonekana mtoto wa ajabu.

"Kusimama dede?"

"Ulisimama dede umeshika gurudumu la baiskeli pale kibandani kwa baba yako. Likazunguka, ukaanguka, ukapasuka mdomo. Tulikuwa tumeanza kuvuna. Ile alama ndo hiyo hapo unayo."

Nikaandika: miezi tisa, kawaida. Mdomo uliopasuka sikuuandika, haukuwa na kisanduku.

"Mbona mi nasema habari nzima, we unaandika maneno mawili?" akauliza.

"Ni lugha ya kitaalamu, Mama."

"Haya."

Ningeishia hapo, ningekuwa nimefanya ujinga wa kawaida tu. Lakini nilikuwa na swali jingine nililokuja nalo kutoka Tabora. Unajua kwamba nilipoachishwa kunyonya nilipelekwa Kapalamsenga, kijiji cha wavuvi, kwa bibi yangu mzaa mama, nikakaa huko mpaka nilipokaribia kuanza shule. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwetu. Mtoto akiachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi ili asahau. Shangazi zangu walikuwa na utani wao juu ya jambo hilo. Walisema mama alinishusha Kapalamsenga kama gunia la chumvi, lori halijazima injini, akapanda tena akaondoka. Utotoni nilicheka nao. Chuoni nikasoma kwamba mtoto anayetenganishwa na mama yake ghafla anaweza kupoteza imani na watu, nikapiga mstari kwa wino mwekundu, nikapiga na wa pili. Nikaanza kutafuta makosa yangu yote na kuyapeleka kwenye lile lori. Nilifeli hisabati kidato cha pili, lori. Nilishindwa kumsemesha binti wa stesheni, lori.

"Mama," nikasema, "kwa nini ulinitelekeza Kapalamsenga?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Nilifanya nini?"

"Ulinitelekeza. Nikiwa na miaka miwili na nusu. Kitaalamu ndivyo tunavyoita."

Akaniangalia, kisha akayaangalia maharage. "Kitaalamu," akasema. Akanyanyuka na ungo wake, akaingia ndani, na maharage hajafika hata nusu. Mimi nikabaki kwenye kiti changu. Katika kisanduku cha hisia nikaandika: Mama anakwepa swali.

Jioni akatoka mlangoni akasema, "Mwalimu, chakula tayari."

Mwanangu, unajua nilifurahi? Nilidhani ni heshima. Nilidhani mama ameanza kuutambua usomi wangu. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba lile jina la Baba limeondoka nyumbani. Mwalimu, maji ya kuoga haya hapa. Mwalimu, shati lako limepigwa pasi. Chakula kilikuwa kilekile na alinitazama vizuri tu, hakununa. Ila alikuwa anahudumia mgeni. Nikarudi Tabora bila kuomba radhi, kwa sababu nilikuwa bado naamini kwamba mwenye haki ni mimi.

Niliandika kurasa nane. Ziliandikwa kwa uchungu na kwa maneno makubwa, na katika mstari wa mwisho wa jedwali, ule wa utu uzima, nilijaza neno moja: umekamilika. Nilipata alama za juu kuliko wote. Mkufunzi akasoma ukurasa mmoja mbele ya darasa, wasichana wakanitazama kwa huruma, na nakiri kwamba ile huruma niliifurahia. Mwishoni mwa karatasi mkufunzi alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mdogo, "Na mama anasemaje?" Nikaona mzee ameanza kusahau, maana nilishaandika ukurasa wa tatu kwamba mama anakwepa swali.

Likizo iliyofuata mama akanituma Kapalamsenga. "Mwalimu, mpelekee bibi yako sukari na hii kanga. Mwambie magoti yangu hayajambo." Nikapanda lori lililokuwa linakwenda kufuata samaki, na mkobani, juu ya sukari, nikaweka kurasa zangu nane.

Nilimkuta bibi mchangani anaanika dagaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mpenda ugoro, mpenda habari. Kusoma hakujua, lakini kusomewa alikuwa anakupenda kupita kiasi. Hata karatasi ya kufungia sabuni angekuomba umsomee. Kwa hiyo nilipomwambia nimeandika habari za maisha yangu mwenyewe na nimeshinda chuo kizima, alinawa mikono, akakaa, akavuta ugoro wake, akasema, "Soma, mjukuu wangu. Soma polepole."

Nikasoma. Penye choo cha baba alicheka. Penye Robi alicheka mpaka akajifuta machozi. Nilipofika ukurasa wa nne akaufunga mkebe wa ugoro na kuuweka chini.

"Ngoja. Hapo uliposema lori halijazima injini. Nani kakwambia?"

"Shangazi, Bibi."

"Shangazi yako alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Mimi nilikuwepo?"

Nikapekua karatasi zangu.

"Nakuuliza. Huyo mwenye nyumba, aliyempokea mtoto mikononi, alikuwepo au hakuwepo? Mbona hukuja kuniuliza?"

Nilianza kumwambia kuhusu karatasi za chuo, kwamba mtoto akitenganishwa na mama yake ghafla. Akanyanyua kiganja, nikaacha. Hakupaza sauti. Bibi yangu alipokasirika alikuwa anaongea chini kuliko kawaida, inabidi umsogelee ndipo umsikie, na ukishamsogelea huwezi kukimbia.

"Mama yako alikuja na wewe mgongoni na mimba ya mdogo wako tumboni," akasema. "Ulikuwa unanyonya bado, mkubwa hivi, meno yote. Watu wangesema anakubemenda, maziwa ya mimba yatakudhoofisha. Mimi ndo nilimwita akulete. Mimi ndo niliyesema mtoto asimwone mama yake mpaka asahau ziwa. Ndivyo na mimi nilivyomwachisha yeye, na ndivyo mama yangu alivyoniachisha mimi. Akakataa kuondoka. Nikamwambia haya, kaa, lakini asikuone. Akakaa kwa jirani, nyumba ile pale nyuma ya ua wa matete. Siku tisa."

Akanyoosha mkono. Niliigeukia ile nyumba. Tangu nikiwa na akili zangu nimeiona kila siku, nimeiba mapapai yake, na sikuwahi kujua.

"Siku tisa yuko mle ndani hatoki mchana. Matiti yamejaa, tumemfunga kanga kifuani, ana homa. Wewe huku unalia, unaita Mama, Mama, na yeye yuko pale anasikia. Hatua thelathini. Jua likishuka ananiuliza kupitia kwenye matete, amekula? Namwambia amekula. Amekula nini? Namwambia amekula ugali na kichwa cha samaki, mgebuka. Ananiuliza, ameoga? Siku ya sita nikamkuta ametoboa tundu kwenye ua, hivi, la jicho moja. Nikamgombeza. Nikaliziba na majani. Kesho yake ametoboa lingine."

Bibi akageuza dagaa wawili watatu ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Siku ya tisa ulikuwa unamfukuza bata wangu hapa uani. Ukamkosa, ukaangukia kwenye beseni la maji, ukacheka. Ulicheka sana. Ndo mara ya kwanza unacheka tangu uletwe. Na mama yako akasikia. Mjukuu wangu, zile siku ulizokuwa unalia wewe, yeye alijikaza. Siku uliyocheka ndo alilia. Asubuhi akapanda lori, akaenda. Sasa andika hiyo."

Sikuwa na kalamu.

"Una mwandiko mzuri," bibi akamalizia, kwa sauti ileile ya chini. "Na uongo wako mzuri pia, umekaa mistari yote. Kama unataka mtu wa kumwandika vibaya, niandike mimi. Mama yako muache."

Jioni ile nilikaa peke yangu mchangani, nikajaribu kukumbuka. Nilitafuta tundu kwenye matete, nikatafuta jicho, nikatafuta bata, nikatafuta hata lile beseni. Hakuna kitu. Sikukumbuka lolote, na mpaka leo sikumbuki. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Lakini nikudanganye nini mwanangu, chini ya ile aibu kulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kabla. Mwaka mzima nilitembea nikijiona mtoto aliyetupwa, kumbe wakati ule niliodhani sina mtu, kulikuwa na mtu hatua thelathini anauliza kama nimeoga. Kesho yake kabla ya kuondoka nilizihesabu hizo hatua. Kwa miguu yangu zilikuwa ishirini na sita.

Nikarudi Shanwe na migebuka iliyokaushwa kwa moshi, zawadi ya bibi. Njiani nilitunga maneno ya kuomba msamaha, mazito, yenye utangulizi na hitimisho. Nilipofika nyumbani mama alikuwa palepale mkekani, na ungo uleule.

"Umerudi, Mwalimu."

"Nimerudi, Mama."

Hotuba yangu ikaishia hapo. Kiti kilikuwepo pembeni, nikakipita. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikachota maharage konzi moja nikayaweka kwenye sinia na kuanza kuchambua. Hakunitazama. Tulichambua muda mrefu, yeye anatupa mawe huku, mimi natupa huku. Nilikuwa mwepesi wa kutupa hata maharage mazima, na yeye alikuwa anayaokota kimyakimya anayarudisha.

Mwishowe nikasema, "Mama, yule bata nilimkamata?"

Mkono wake ukasimama, kama ule wakati wa kwanza. Kisha nikaona mdomo wake unakataa kucheka.

"Bibi yako ana mdomo," akasema. "Nilimwambia asikusimulie."

"Kwa nini asinisimulie?"

"Ili iweje? Uishi unajua kwamba ulikuwa unalia na mimi nasikia? Bora ungejua ulishushwa tu. Mtoto humjengi juu ya kilio cha mama yake." Akapekua maharage. "Wala hukumkamata. Sikuona, nilisikia. Ulianguka majini."

"Nisamehe, Mama. Nilikuita jina baya."

Alichambua konzi nzima, akaimimina kwenye gunia, akachota nyingine. Ndipo aliposema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana, "Tumia mikono yote miwili, Baba. Tutamaliza saa ngapi hivyo?"

Nilifurahi mpaka nikashindwa kuona maharage. Na mchana ule, bila kuulizwa, mama alinisimulia uchanga wangu wote. Jinsi nilivyozaliwa mvua inanyesha na mkunga amechelewa. Jinsi nilivyokataa uji mpaka auonje yeye kwanza. Neno langu la kwanza, ambalo halikuwa mama wala baba, lilikuwa "pampu", kwa sababu ya kibanda cha baba. Nilikuwa sina daftari, na hakuna hata kitu kimoja nilichosahau. Yale majibu niliyoyaandika kwa wino kwenye jedwali nimeyasahau karibu yote.

Niliporudi chuoni nilimweleza mkufunzi. Alama akaziacha kama zilivyo. Akanipa tu penseli yake, nikalikata lile neno "umekamilika", nikakiacha kile kisanduku bila jibu.

Usinielewe vibaya. Sikuambii kwamba mnayofundishwa ni ya uongo. Karatasi za chuo hazikukosea, mimi ndiye niliyezisoma kama hati ya mashtaka. Nimefundisha darasa la kwanza zaidi ya miaka thelathini, na elimu ile ndiyo iliyonilisha. Nilipokuwa Mishamo kulikuwa na mtoto aliyeng'ang'ania keria ya baiskeli ya baba yake kila asubuhi, hataki kuingia darasani, na walimu wenzangu wakasema ni mkaidi, achapwe. Mimi nilimwomba yule baba akae nje ya dirisha na baiskeli yake, mahali mtoto anapoiona, wiki moja. Ya pili akae saa moja tu. Ya tatu mtoto alimfukuza mwenyewe, akamwambia nenda shamba. Ile sikuitoa kwenye karatasi peke yake, wala sikuitoa kwa bibi peke yake. Niliitoa kote kuwili. Na bibi angekuwa hai ningemwambia kwa heshima kwamba lile tundu la kwanza asingeliziba.

Sasa nirudi kwenye swali lako la saba. Jibu lake nalijua, mwanangu, nilikuwepo. Halina aibu ndani yake wala halitakuumiza. Lakini sikupi, kwa sababu si langu. Ni la mama yako, na nimeona jinsi ulivyoliandika, umelikandamiza mpaka kalamu imetoboa karatasi. Mimi niliuliza hivyohivyo, na nikakaa karibu mwaka mzima naitwa Mwalimu nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Sehemu kubwa ya maisha yako ya mwanzo huna wewe, wanayo waliokulea, na ukitaka wakupe usiende kama polisi. Usiende na jibu tayari unatafuta sahihi tu. Majina makubwa ya darasani yaache mlangoni na viatu, utayakuta ukitoka. Kama kuna kazi mkononi mwa mama yako, ishike na wewe, muulize mkiwa mnaangalia kitu kimoja wote wawili. Akinyamaza, usiandike kwamba anakwepa. Kunyamaza kwake kunaweza kuwa ndiko kulikokulea. Na usione kwamba umeshakua kwa sababu umejaza fomu. Mimi nina miaka ya kustaafu, na kile kisanduku cha mwisho bado sijakijaza.

Mwombe mwalimu wako akuongeze siku mbili, mwambie ni baba yako ameomba. Njoo Jumamosi. Mama yako amenunua maharage madebe mawili na hajayagusa. Bibi yako, mama yangu, yupo naye, siku hizi anachambua kwa kupapasa, macho hayaoni, lakini jiwe halimpiti. Nilimwomba ruhusa kabla ya kukuandikia haya. Akasema, "Mwandikie. Ila usinizeeshe." Sasa hivi ananiita kutoka chumbani, Baba, Baba, anataka nimfungulie redio, na mimi nataka nimalize mstari huu niende.

Mungu akulinde huko uliko, mwanangu. Akupe masikio yanayosubiri, akulainishie ulimi mbele ya mama yako, akujalie siku moja watoto watakaokuuliza kwa upole, na akuweke hai mpaka uwe na hadithi ya kuwajibu. Amina.